Gari la Mwenye Kuhama si Bidhaa

Mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari, mzaliwa wa Pemba aliyefanya kazi Bara kwa miaka kumi na minne, aliamua mwaka juzi kurejea kwao ili amuuguze mama yake. Alifunga mizigo, akawatanguliza mke na watoto, akabaki Dar es Salaam na jambo moja tu la kulimaliza, nalo ni gari lake dogo kuukuu alilolinunua kwa mkopo na kulilipa kwa taabu. Alikwenda dirisha la kwanza kuuliza ni karatasi gani atakazotakiwa awe nazo na ni fedha kiasi gani atakazolipa, akatajiwa kiasi. Akaenda dirisha la pili, akatajiwa kiasi kingine. Katika dirisha la tatu hakutajiwa kiasi chochote, bali aliambiwa avushe kwanza, mengine yatajulikana huko huko. Mwalimu yule, ambaye hesabu ndiyo kazi yake, hakuona njia ya kuipiga hesabu isiyokuwa na tarakimu. Aliliuza gari palepale mjini kwa bei ya kutupa, akapanda boti na mkoba wake mkononi. Leo, mama yake anapotakiwa hospitali, mwalimu hutoka alfajiri kwenda kutafuta gari la kukodi.

Hatumtaji mtu wala ofisi, kwa sababu kusudi letu si kushitaki. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu si cha mwalimu huyu peke yake. Tangu tarehe 26 Aprili 1964 nchi yetu imekuwa moja, na watu wake wanahama kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa uhamisho wa kazi, kwa ndoa, kwa masomo, kwa kustaafu na kwa kurudi kuwauguza wazee. Baina ya Dar es Salaam na Unguja pana kiasi cha kilomita 70 za bahari, na meli zenye sitaha ya magari, kama zile za Azam Sealink zinazofika pia Pemba, zimeufanya mkondo huo kuwa kama kipande cha barabara. Lakini barabara hiyo ina jambo moja lisilopatikana katika barabara nyengine za nchi hii: anayelipakia gari lake Dar es Salaam hukuta mbele yake namba za usajili za namna nyengine na mamlaka nyengine ya mapato.

Ni kweli kwamba suala la usajili wa vyombo vya moto baina ya Bara na Zanzibar limezungumzwa kwa muda mrefu katika vikao vya kushughulikia kero za Muungano. Ni kweli pia kwamba ushuru wa forodha ni jambo la Muungano na Kodi ya Ongezeko la Thamani si jambo la Muungano, na kutokana na hayo huzaliwa maswali ambayo karani wa dirishani hawezi kuyajibu kwa busara yake mwenyewe. Mjadala huo tunawaachia wanaohusika. Letu leo ni dogo zaidi, na kwa maoni yetu halihitaji kungojea kikao chochote: mtu anayehama na gari lake si mfanyabiashara, na ana haki ya kujua kwa maandishi, kabla hajafunga mizigo, atatakiwa nini.

Ili tusionekane kuwa tunadai jambo lisilowezekana, tungependa kuwaomba wasomaji watazame kidogo nchi ambayo kuhama na gari ni jambo la kila siku, nayo ni Marekani. Hatuitaji kwa kuisifu. Ina matatizo yake, na mengine tutayasema. Lakini ni muungano wa majimbo 50, kila jimbo na namba zake za gari, kodi zake na wakaguzi wake, na moja kati ya majimbo hayo ni visiwa vilivyo mbali na bara kuliko sisi mara nyingi sana.

Kwanza tuseme habari za nchi kavu. Kutoka New York hadi Los Angeles ni safari ya kiasi cha kilomita 4,500. Mwenye kuhama anaweza kuliendesha gari lake mwenyewe, akachosha injini na mgongo wake, au anaweza kulikodisha nafasi katika trela refu la ghorofa mbili linalobeba magari manane, tisa au kumi kwa safari moja. Ipo hata treni inayobeba abiria na magari yao pamoja, baina ya Lorton katika jimbo la Virginia na Sanford katika jimbo la Florida, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,376 kwa usiku mmoja. Abiria hulala, na gari lake limefungwa katika behewa la nyuma.

Wengi hutumia trela, na hapo ndipo madalali wanapoingia. Dalali wa kazi hiyo hana trela hata moja. Kazi yake ni kuitangaza safari kwa wenye matrela, na anayeikubali bei ndiye achukuaye. Dalali mwaminifu huitaja bei ya kweli. Dalali mjanja hutaja bei ya chini kuliko wenzake ili ashike arubuni. Kisha wenye matrela wanapoikataa bei hiyo, humrudia mteja siku mbili kabla ya kuhama, nyumba imekwisha kukabidhiwa na watoto wamekwisha kuagwa skuli, akamwambia kwamba bei imepanda. Msomaji wetu aliyewahi kusimama na mzigo bandarini hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ujanja huu hauna nchi.

Serikali ya nchi hiyo haikuwaondoa madalali. Iliwafunga kwa karatasi na kwa fedha. Kila dalali hutakiwa awe na kibali cha mamlaka ya taifa, na tangu Oktoba 1, 2013, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2012, hutakiwa awe na dhamana ya dola 75,000, ambayo zamani ilikuwa dola 10,000 tu. Na mwenye trela hubanwa na sheria ya zamani zaidi, ya mwaka 1906, inayomfanya aliyeupokea mzigo awajibike kwa upotevu na uharibifu wake mpaka utakapokabidhiwa, hata kama njiani umepita katika mikono ya wachukuzi wengine. Hawezi kusema, "Mwulize yule niliyempa."

Lakini kinachotupendeza zaidi ni jambo dogo linalofanywa kabla gari halijapanda juu ya trela. Dereva na mwenye gari hulizunguka gari pamoja mchana kweupe. Kila mkwaruzo, kila bonde na kila ufa wa kioo hutiwa alama katika mchoro wa gari uliomo ndani ya hati ya shehena. Husomwa kilomita zilizoandikwa katika saa ya gari. Kisha wote wawili hutia sahihi, na kila mmoja hubaki na nakala. Gari likifika, huzungukwa tena kwa hati ile ile, kabla ya sahihi ya kupokea. Anayetia sahihi usiku, mvua inanyesha, kwa kuwa dereva ana haraka, hana la kusema asubuhi akiona taa imevunjika. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tulifunzwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Tunajiuliza imekuwaje tukaihifadhi kwa moyo, na kisha tukapokeana mali bandarini kwa kuitikiana kichwa.

Sasa tuje kwa wenzetu wa visiwani. Hawaii iliingia katika muungano wa Marekani kuwa jimbo la 50 tarehe 21 Agosti 1959. Kutoka pwani ya California hadi Honolulu ni karibu kilomita 4,000 za bahari tupu, na meli ya mizigo hutumia siku kama tano. Anayehamia huko na gari lake hulipeleka katika bandari kama Long Beach au Oakland, akalikabidhi kwa kampuni ya meli, Matson au Pasha, akaja kulipokea upande wa pili.

Masharti ya kulikabidhi ni makali. Petroli isizidi robo ya tangi. Gari lioshwe, kwani udongo wa bara unaweza kubeba wadudu na mbegu, na visiwa vile vimekwisha kuumizwa na viumbe vya kigeni. Ndani ya gari isiwemo mizigo ya nyumbani. Mwenye gari aje na kadi ya gari na kitambulisho. Na kama gari bado lina deni la benki, alete barua ya benki inayokubali livushwe, kwa kuwa mwenye kudai naye ana haki katika chombo kile. Halafu huja uzungukaji ule ule wa kutia alama mikwaruzo. Hakuna hata sharti moja katika haya ambalo mteja hulijua kwa mara ya kwanza akiwa dirishani. Yote huandikwa, na huweza kusomwa na mtu aliyeketi nyumbani kwake miezi mitatu kabla ya safari.

Hapo tuwe waadilifu tuseme na ubaya. Kwa sheria ya mwaka 1920, mzigo unaochukuliwa baina ya bandari mbili za Marekani lazima uchukuliwe na meli iliyoundwa Marekani, inayomilikiwa na Wamarekani, yenye bendera na mabaharia wao. Wenye viwanda vya meli na vyama vya mabaharia huitetea sheria hiyo kwa nguvu, wakisema kwamba taifa lisilokuwa na meli zake halina usalama. Wengi katika wenyeji wa visiwa huilalamikia, wakisema kwamba wanaulipia usalama wa taifa zima katika bei ya kila kitu kinachovuka bahari. Sisi hatuna haja ya kuamua baina yao, lakini lalamiko hilo la kisiwani tunalielewa vizuri mno.

Gari likishafika Honolulu, mwenyewe hupewa siku 30 za kulisajili katika jimbo jipya, au kuomba kibali cha kulitumia kwa muda na namba zake za zamani. Ama kuhusu kodi, sheria ya Hawaii inatoza kodi ya matumizi juu ya vitu vinavyoingizwa kutoka nje ya jimbo, ili mtu asikimbilie kununua kwengine. Lakini sheria hiyo hiyo inaviondoa katika kodi vyombo vya nyumbani, mali binafsi na magari ya watu binafsi yasiyokuwa ya biashara, ikiwa mwenyewe alivipata akiwa mkaazi wa jimbo jengine, alivinunua kwa ajili ya kuvitumia huko, na kweli alivitumia huko. Na ili wajanja wasiingie kwa mlango wa wahamaji, imewekwa kipimo: kitu kilichonunuliwa chini ya miezi mitatu kabla ya kuingizwa huhesabiwa kuwa kilinunuliwa kwa ajili ya kutumika Hawaii, mpaka mwenyewe athibitishe vyengine.

Tunawaomba ndugu zetu wa mamlaka za mapato waitazame ibara hiyo kwa makini. Si ibara ya ukarimu mtupu. Inajua kwamba wapo watu wanaojifanya wahamaji. Lakini haimfanyi kila mhamaji kuwa mtuhumiwa kwa sababu ya hao. Inaweka muda, inaweka ushahidi, na karani hubaki na kazi ya kusoma tarehe mbili na kutoa moja katika nyengine. Majimbo mengine ni makali zaidi. California, kwa mfano, kwa kawaida haikubali kusajili gari jipya la jimbo jengine lililotembea chini ya maili 7,500, yaani kiasi cha kilomita 12,000, ikiwa halikuundwa kwa kufuata viwango vya moshi vya jimbo hilo. Hilo ni pigo kubwa kwa mtu aliyenunua gari mwezi uliopita. Hata hivyo ni pigo linaloweza kujulikana kabla ya kuhama. Analiuza kwa utaratibu na kwa bei yake, si kwa bei ya mtu ambaye boti yake inaondoka saa tisa.

Wala tusidhani kwamba fikra hii ni ya kigeni na haituhusu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo ni sheria yetu, inamruhusu mtu anayehamishia makaazi yake katika nchi mwanachama kuingiza bila ya ushuru wa forodha gari moja ambalo amelimiliki na kulitumia mwenyewe nje ya Jumuiya kwa muda usiopungua miezi 12. Mzanzibari arejeaye kutoka London anatambuliwa na sheria hiyo kuwa ni mtu anayerudi nyumbani. Ikiwa tunaweza kumtofautisha mhamaji na mfanyabiashara kwa mtu aliyevuka bahari mbili, hatuoni ugumu wa kumtofautisha kwa mtu aliyetoka Temeke kwenda Chake Chake.

Hatusemi kwamba anayestahili kutozwa asitozwe. Penye tofauti ya tozo baina ya pande mbili za maji, daima atakuwepo wa kuitumia tofauti hiyo, anunue gari upande mmoja kwa jina la shangazi yake na kuliendesha upande wa pili. Huyo asakwe. Lakini ushahidi wa kumtenga upo na ni rahisi: kadi ya gari yenye jina lake na tarehe ya zamani; bima za miaka iliyopita; barua ya uhamisho wa kazi; barua ya serikali ya mtaa anakotoka na barua ya sheha wa shehia anakohamia. Mfanyabiashara hapati sheha wa kumwandikia mara nne kwa mwaka kwamba amehamia.

Kwa watumishi wa umma lipo jambo la ziada. Jeshi la Marekani linapomhamishia askari wake Hawaii, serikali hugharamia kulivusha gari lake moja, kwa sababu yeye hakujihamisha. Sisi hatuna fedha za nchi ile, na hatupendekezi kila ofisa alipiwe nauli ya gari. Tunachopendekeza ni kwamba anayekabidhiwa barua ya uhamisho wa kuvuka bahari akabidhiwe siku hiyo hiyo na maelezo ya nini afanye na chombo chake. Mtumishi anayezunguka wiki mbili madirishani ni mtumishi ambaye wiki mbili hizo hayupo kazini, na mshahara wake unalipwa.

Tumesema sana juu ya wajibu wa ofisi, na itakuwa si haki kama hatutawakumbusha wananchi wajibu wao. Gari melini ni mzigo mzito wenye magurudumu, na lina mafuta ndani yake. Likiwa halikufungwa kwa minyororo, meli ikilala upande huteleza, likaligonga la pili, na uzito wote ukahamia upande mmoja. Sitaha ya magari ni uwanja mpana usiokuwa na kuta. Maji yakiingia humo, hata kwa kina cha goti, hukimbilia upande mmoja na kuipindua meli kwa muda mfupi sana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Zeebrugge nchini Ubelgiji tarehe 6 Machi 1987, meli ya Herald of Free Enterprise ilipoondoka na mlango wake wa magari wazi, wakafa watu 193. Na sisi hatuhitaji kwenda Ubelgiji. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia kupita uwezo wake, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Zipo nyumba Pemba ambazo hadi leo haziitaji tarehe hiyo kwa sauti.

Kwa hiyo anayelijaza gari magunia ya mchele na mifuko ya saruji mpaka springi zikalala, kisha akalitangaza kuwa ni gari tupu, haibii kampuni ya meli tu. Anamdanganya nahodha juu ya uzito wa chombo chake. Anayempa mchukuzi shilingi kidogo ili gari lake liingie nje ya orodha anafanya hayo hayo. Sharti la robo ya tangi na la gari kuwa tupu, ambalo wenzetu wa Hawaii wanalifuata, lina maana kubwa zaidi katika maji yetu, kwa sababu katika meli zetu abiria na magari husafiri pamoja.

Tunachoomba, basi, ni karatasi moja. Itungwe kwa pamoja na mamlaka za mapato za pande zote mbili, polisi wa usalama barabarani, mamlaka za bandari na kampuni za meli. Iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Na ibandikwe Malindi, Mkoani, Wete na katika bandari ya Dar es Salaam. Iseme mhamaji ni nani na anathibitishwa kwa ushahidi gani. Iseme kila tozo anayotakiwa kulipa, kiasi chake, na ni nani mwenye haki ya kuipokea, ili mtu mwengine yeyote anayedai fedha ajulikane hapo hapo. Iseme ni siku ngapi anazoruhusiwa kutembelea namba zake za zamani, na afike ofisi gani kabla siku hizo hazijesha. Nyuma yake uchapwe mchoro wa gari, pande zake nne, wa kutia alama mikwaruzo, na nafasi ya sahihi mbili. Itiwe tarehe, na kila sheria inapobadilika ile ya zamani ibanduliwe ukutani, kwani tangazo lililopitwa na wakati humpoteza msomaji kuliko ukuta mtupu.

Siku tutakayoletewa karatasi hiyo, tutaichapisha yote katika ukurasa huu bila ya malipo, na nakala ya kwanza tutampelekea yule mwalimu.